Karatasi Aliyotafunishwa Kaka Yangu

Balozi wa nyumba kumi alimbana kaka yangu taya, akamsukumia mdomoni karatasi aliyoichana kitabuni. "Kama ni hadithi, tafuna. Hadithi haina sumu." Kaka akatafuna. Mama alisimama pale na jembe lake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne.

Kitabu chenyewe tulipewa na mkimbizi aliyekuwa akija kwetu Mugoma, karibu na mpaka, kupalilia maharage. Hakikuwa na jalada. Mimi shule niliishia darasa la nne, kaka la saba, kwa hiyo yeye alisoma, sisi tunamenya ndizi. Vijana waliozoea kushinda kilabuni kwenye pombe ya ndizi wakaanza kuja, mmoja mmoja. Kila mmoja akachagua mtu wake humo kitabuni. Kaka akifika kwake anaita, "Jemadari!" Mwenyewe anaitika, "Nipo!" Basi ni vicheko tu. Miezi ile hakuna aliyerudi kwao amepasuliwa kichwa. Mama zao walitushukuru.

Lakini watu walikuwa wanavuka mpaka kila siku wakikimbia vita, na kila mtu aliogopa karatasi yenye majina. Balozi, ambaye hakujua kusoma, alipita njiani akasikia majina yanaitwa na watu wanaitika. Akadhani tunakusanya jeshi. Akaja na mgambo.

"Jemadari wenu nani?"

"Ni mimi, mzee," kijana mmoja akajibu, "ila nakufa ukurasa wa arobaini."

Tukacheka. Kicheko hicho kilituponza.

Balozi simlaumu sana, aliogopa. Wa kulaumiwa ni katekista, mwalimu wa dini kanisani kwetu. Aliitwa akisome kitabu. Alisoma kurasa mbili mbele yetu, nikamwona anatabasamu. Kisha akakifunga. "Mimi haya mambo siyajui." Sababu naijua: vijana walikuwa wameacha mazoezi ya kwaya yake, wanakuja kwetu.

Ndipo kaka akatafunishwa ile karatasi, akachapwa, hakushika kitabu tena. Wenzake walirudi kilabuni, naye akawafuata, akanywa miaka yote hiyo. Mwaka huu tumemzika, tumbo limejaa maji.

Katekista bado yupo, anakaa benchi la mbele kanisani. Shikamoo, mzee. Ulisoma, ukajua ni hadithi. Habari za kusamehe usiniletee. Simama mbele ya watu useme kwa nini ulinyamaza.