Aliyefunga Milango Akiwa Nje

Hebu mchore Halkano akilini, msomaji wangu, vile anavyofika. Anashuka kwenye bodaboda mbele ya kisima cha sola, nje kidogo ya Ngaremara, vumbi mpaka kwenye kope. Skrini ndogo ameiviringisha kwa shuka na kuikumbatia kama mtoto. Kina mama wameketi juu ya mitungi mitupu. "Ejoka," anawasalimu kwa Kiturkana, kama siku zote. Leo salamu inaanguka mchangani na hakuna anayeiokota.

Nikurudishe nyuma kidogo. Halkano ni Mborana wa mtaa wa Wabera, mjini, fundi wa kompyuta aliyejifunzia kwenye mashine za watu zilizokufa. Kisima hiki ni cha Waturkana, na mlinzi wake ni mzee Ewesit. Watu walipouliza kwa nini maji yao yashikwe na Mborana, mtu wa kabila waliloteta nalo miaka mingi juu ya malisho, ni Ewesit aliyemtetea. Alisema kompyuta haina kabila, wakacheka, wakakubali. Basi kisanduku cha chuma kikawekwa, na ndani yake kompyuta ndogo ya Linux. Mtu anagusisha kadi pale kwenye bomba, kompyuta inamtambua, maji yanatoka.

Juzi, akiwa dukani kwake mjini, Halkano aliichungulia mashine ile kwa mtandao, akaona alama za wageni waliokuwa wakibahatisha nywila kutoka mbali. Akaogopa. Akaamua kuizungushia kitu ambacho mafundi wanakiita faiawoli, na yeye hukiita ua wa miiba: wa kwetu apite, mgeni azuiwe. Kabla ya kuanza akampigia Ewesit simu asije akashtuka. "Mzee," akamwambia, "leo nafunga milango yote ya huko." Kwa fundi, mlango ni njia ya mtandao tu. Ewesit akaitikia, na neno hilo akawafikishia watu jinsi lilivyo.

Sasa kazi hii inataka mpangilio. Kwanza unaandika sheria za kuruhusu: kisoma kadi kipite, fundi mwenyewe apite. Ua unauwasha mwisho. Lakini Halkano alilelewa kwenye boma la nyanya yake, ambako jioni lango lilizibwa kwanza, kisha ndama waliochelewa wakaingizwa mmoja mmoja. Akafuata mkono wa nyumbani. Kataa wote, akaandika. Wa kwetu nitawafungulia baadaye. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika, maana huenda ikamkata hata yeye. Akajibu ndiyo.

Nyanya alikuwa akifunga akiwa ndani. Halkano alikuwa mjini, nje ya ua wake mwenyewe. Skrini ikaganda.

Hapo ndipo angesema ukweli, lakini aliona aibu. Siku nzima alibisha mlango alioufunga kwa mkono wake, kila amri ikipotea bila jibu. Ewesit alipopiga kusema kadi hazisomeki, akamwomba tu azime swichi ya nje na kuiwasha tena. Haikusaidia kitu. Halkano alikuwa ameiagiza mashine isisahau sheria zake hata umeme ukikatika, na kwa hilo alikuwa amejipongeza.

Ndiyo maana leo amekuja na skrini kifuani.

"Fundi wa kufunga amefika," anasema mama mmoja. "Chungeni midomo yenu, asije akaifunga nayo." Wengine wanacheka kicheko kikavu.

Anafungua kisanduku, anachomeka kibodi, anaandika mistari michache. Mama yule anagusisha kadi na maji yanaruka. Ni rahisi hivyo, na huo urahisi ndio unaomuua. Wenye ng'ombe walishawaswaga kuelekea mto Ewaso. Mbuzi wa Ewesit, waliokuwa wamechoka na ukame, wamelala kando ya birika kavu na hawataamka. Funguo za lango la kisima haziko tena kiunoni mwa mzee. Kamati ya kisima imemnyang'anya, na imesema nyaya zote za Halkano zing'olewe.

Ewesit, aliyesimama kando ya mbuzi wake, hapandishi sauti. "Ulisema utafunga. Nami nikawaambia watu, atafunga. Sasa wananiuliza wewe ulitumwa na nani."

Halkano anajaribu. Anaeleza kwamba mlango si mlango, kwamba mgeni aliyemkusudia yuko ng'ambo, kwamba sheria ya pili ingefuata. Kila neno likitoka linageuka kuwa lile lile la kufunga. Mwishowe anasema, "Hata mimi nilifungiwa nje, mzee."

Ewesit anamtazama midomo. "Lakini wewe ulikunywa maji," anasema, kisha anageuka kuwakokota mbuzi wake.

Mwenye bodaboda anapiga honi. Halkano bado amesimama na shuka mkononi, hajui kama aifunge skrini ama aiache. Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, kama ungekuwa yeye, ungemwambia mzee huyu neno gani ambalo halina kufunga ndani yake?