Mama Usicheke na Shuka Jeupe

Kinyozi hajinyoi, na mpiga picha za pasipoti naye hana pasipoti. Kwa miaka thelathini na minne Mama Usicheke aliwapiga picha watu wa kwenda masomoni, wa kwenda kutibiwa, wa kwenda kuolewa ng'ambo, na yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka mpaka hata mmoja. Jina hilo alipewa na wateja. Chumba chake kilikuwa na kigoda, taa mbili, shuka jeupe ukutani, na mwenyewe nyuma ya kamera akitoa amri zilezile: kaa wima, tazama hapa, masikio yaonekane, usicheke. Aliyecheka alirudiwa. Aliyecheka mara ya pili alitolewa nje akapunge upepo.

Siku alipotangaza kwamba anakwenda nchi nyingine miezi mitatu, kujitolea kufundisha watoto kupiga picha, shemeji yake alipaliwa na chai.

"Shemeji, utawafundisha nini? Kukata picha nne nne?"

"Nitawafundisha ninachokijua."

"Hicho ndicho ninachokiogopa!"

Alicheka pamoja naye, lakini neno lile lilimchoma. Watu wakiwa na harusi waliwaita wapiga picha wengine. Yeye walimkumbuka wakitaka kitambulisho. Picha ya pasipoti yake alijipiga mwenyewe, akairudia mara tatu kwa sababu ya sikio la kushoto.

Kituo alichopelekwa kilikuwa vyumba vinne nyuma ya gereji. Alipewa watoto kumi na wawili na kamera sita ndogo zilizokwishatumika. Wiki ya kwanza aliwafundisha kushika kamera bila kutikisika, kufuta lenzi kwa kitambaa laini, kutokata kichwa cha mtu. Kisha akatundika shuka lake, maana alikuwa amelibeba, wakapigana picha wao kwa wao. Waliocheka mara mbili walitoka nje kupunga upepo.

Mkuu wa kituo, mama mwembamba aliyetembea na funguo nyingi kiunoni, alizitazama nyuso zile kumi na mbili zilizonuna pichani.

"Mama, hawa watoto wamefanya kosa gani?"

Walimu wakaangua kicheko. Baadaye mkuu alimvuta kando, akamwambia kwa upole, na upole ule ndio uliouma zaidi: Jumamosi ya wiki ya nne wazazi wangekuja kuona picha. Zikiwa hivihivi, basi Mama Usicheke angehamia ofisini akawapige wanafunzi mia mbili picha za kadi za shule, na watoto wale wangetafutiwa mwalimu wa kuchora.

Mama Usicheke hakuwataka wanafunzi mia mbili. Aliwataka wale kumi na wawili wake. Basi akajitia usanii, akawatuma wapige maua, mawingu na paka waliolala. Wakarudi na mikia ya paka na mawingu ya kila aina, naye hakuwa na la kuwaambia. Wingu utalikosoa nini, nalo halina hata masikio?

Wiki ya tatu, asubuhi moja, alikuta ukuta mtupu. Shuka halipo, na kigoda hakipo. Alitoka kasi, amekunja uso, akawakuta watoto watatu kwenye uchochoro wa nyuma. Wawili wamelishika shuka, kila mmoja pembe zake. Mbele ya shuka, juu ya kigoda, jozi ya viatu vikuukuu. Wa tatu, binti wa fundi viatu, alikuwa amesimama na kamera, anavigombeza.

"Tulieni. Msicheke."

Hasira ikamwishia Mama Usicheke palepale.

"Mbona viatu?"

"Vya babu. Alikufa hajapigwa picha hata moja. Hivi ndivyo vilivyobaki."

Akamtazama yule mtoto, akavitazama viatu. Hapo alikuwa na la kusema.

"Chuchumaa, ulingane navyo. Mtu humtazami kwa juu. Na hicho cha kushoto kigeuze kidogo, ulimi wake hauonekani."

Tangu siku ile shuka halikukaa ukutani. Lilizunguka mitaani na watoto watatu watatu, wawili wa kulishika na mmoja wa kupiga. Lilisimama nyuma ya birika lisilo na mfuniko, nyuma ya baiskeli ya muuza maziwa, nyuma ya mikono ya fundi gereji ambayo hata sabuni ilikuwa imesalimu amri mbele yake. Kila jioni Mama Usicheke alilifua mwenyewe, akiimba.

Jumamosi ikafika, na wazazi wakajaa. Fundi viatu alisimama mbele ya picha ya viatu vya baba yake mpaka watu wakawa wanampita kwa ubavu. "Mwezi uliopita nilitaka kuvitupa," alisema, akajifuta macho bila kujificha.

Mkuu naye alikuwa amesimama mwisho wa ukuta. Mbele yake kulikuwa na picha ya funguo zake mwenyewe, zimetandazwa moja moja, kila moja na meno yake. Akashika kiuno.

"Hizi mlizipata wapi?"

"Ulipokwenda kunawa," mtoto mmoja akajibu.

Alizitazama tena kwa muda.

"Kadi za shule zitasubiri," akasema. "Mama, endelea na watoto wako."

Watoto wakashangilia, wakamkalisha kwenye kigoda. Wawili wakalikamata shuka nyuma yake, na binti wa fundi viatu akachuchumaa mpaka akalingana naye.

"Kaa wima, bibi. Masikio yaonekane. Usicheke."

Akacheka.

"Turudie."

Akacheka tena, safari hii mpaka mabega yakatikisika. Binti akashusha kamera, akanyoosha kidole mlangoni.

"Nje, bibi. Kapunge upepo."

Akatoka kweli. Akasimama uani, mtu mzima wa miaka sitini na mmoja, akijipepea kwa kiganja na kufuta machozi ya kicheko, anangoja kuitwa.