Ujumbe Nilioandika kwa Ajili ya Mwizi

Tangu siku ile, mtu akisema tu "kompyuta imegoma" masikio yangu yanapata moto, na leo nawaambia kwa nini, mcheke mmalize, nami nipumzike.

Mnanijua nilivyo mtu wa kuwaza (barua pepe ya mistari miwili naisoma mara tisa, na nikishaituma naifungua tena nione kama nimemkosea mtu adabu). Nilikuwa nimetoka chuo, niko kwenye miezi ya majaribio katika ofisi ndogo pale Edmonton, huku ughaibuni, inayopeleka wahudumu majumbani kwa wazee, na Ijumaa ya wiki hiyo ndiyo ningeambiwa kama nabaki au naondoka. Mwenye ofisi ni Mama Zarina, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, ambaye kwa wateja huongea Kiingereza lakini akikasirika, au akifurahi sana, ni Kiswahili kitupu. Kazi yangu ilikuwa kutunza databesi, yaani faili moja lenye kila kitu: nani anaenda kwa mzee gani, saa ngapi, na namba za kufungulia kile kisanduku cha ufunguo kilichopigiliwa mlangoni kwa mzee.

Sasa nikasoma mahali kwamba faili la namna ile, ukilifungua huku umebonyeza kitufe cha Shift, unaingia kwa mlango wa nyuma na unaweza kufuta chochote. Mtu mwingine angesema sawa, akaenda kula. Mimi nikamwona mwizi, nikamwona mpaka viatu. Basi nikalitia faili kwenye flashi nikaenda nalo nyumbani Woolwich, upande wa pili wa jiji (uamuzi mdogo ndio huo, mkumbuke), na Jumamosi mchana nikaanza kuliongezea sifa. Sifa ni maelezo ambayo faili linabeba juu yake lenyewe. Nyingine linakuja nazo, nyingine hazipo mpaka uziongeze kwa mkono wako. Nikaongeza ya kuzima Shift, ikakubali, nikanogewa, nikabuni nyingine nikaiita MtuWaKuaminika, ndani yake nikaandika jina langu kama kompyuta inavyonitambua, kisha nikaliamuru faili kwamba likifunguliwa na mtu mwenye jina tofauti, litoe ujumbe halafu lijifunge. Majina ya wenzangu ningeyaongeza Jumatatu. Nikajaribu, likanifungulia vizuri kabisa, nikajiona mtu.

Jumatatu treni ikachelewa, nikafika natweta, nikaliweka faili jipya ofisini na kulifuta la zamani (eti tusije tukachanganyikiwa), nikaunganisha kompyuta yangu ya pale ofisini na ile televisheni kubwa ya ukutani, kwa sababu wahudumu wote walikuwa wameketi wanasubiri ratiba ya wiki. Nikafungua. Ukutani pakatokea maandishi makubwa: TUMEKUONA. HUNA HAYA. ONDOKA POLEPOLE. Kisha faili likajifunga.

Kompyuta ya ofisini, kumbe, hainiiti kama ya nyumbani inavyoniita.

Mama Zarina akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hamisi, baba, nani huyo hana haya? Ni mimi?"

Dada Furaha, mhudumu wetu kutoka Bukavu, alicheka mpaka akashika meza, na wasiojua Kiswahili wakatafsiriwa, wakacheka kwa zamu yao. Mimi nikasema ni intaneti. Sijui kwa nini nilisema hivyo, faili lenyewe halihitaji hata intaneti, lakini Mama Zarina akaniamini, akachukua simu ampigie fundi wa mtandao amfokee. Hapo Dada Furaha akaacha kucheka, akauliza kuhusu mzee wake mpya wa saa nne, bibi aliyetoka hospitali juzi, hawezi kushuka kitandani peke yake, dawa zake za asubuhi ni mpaka mtu afike, na namba za kisanduku chake zimo mle ndani tu.

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi.

"Mama, usimpigie fundi," nikasema. "Si intaneti. Ni mimi."

Nikaeleza yote. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo funguo za wazee wangu zimelala Woolwich?" Laptopu ambayo ingelifungua ilikuwa huko huko, kwenda tu ni zaidi ya saa nzima. Nikabonyeza Shift kwa matumaini. Ujumbe ukarudi ukutani (nilikuwa nimesahau kwamba Shift nimeizima mimi mwenyewe), na mtu nyuma akasoma kwa sauti, "Huna haya."

Ndipo likanijia: sifa inakaa kwenye faili lenyewe, kwa hiyo faili jingine linaweza kuifikia bila kupitia mlango niliouziba. Nikafungua faili tupu, nikaandika mistari michache ya kuingia kule, kubadilisha jina na kutoka. Mara ya kwanza nikakosea. Mara ya pili ratiba ikafunguka. Dada Furaha akaandika namba kwenye kiganja, akatoka mbio kuwahi basi.

Saa nne na dakika mbili akapiga simu. "Bibi anakunywa chai. Anauliza kwa nini natoka jasho."

Nilikwenda kuketi kwenye ngazi za nyuma, nikapumua kama mtu aliyeshushiwa gunia.

Ijumaa Mama Zarina akaniita, akasema nabaki, kwa sababu nilisema ni mimi kabla ya kuulizwa mara ya pili, lakini kwa masharti: faili halitoki tena ofisini, nakala ya zamani haifutwi, na ujumbe atautunga yeye. Akanisomea, nikauandika neno kwa neno. Sasa faili likimkatalia mtu linasema: "Pole. Mpigie Hamisi," na chini yake namba yangu ya simu.

Wanapiga, jamani. Dada Furaha anapiga hata likimfungulia, ananiuliza kama leo yeye ana haya. Na mimi napokea kila mara, na mwizi sijamwaza tena.