Nilimwita Mvivu Bila Hata Kumpima

Kosa ni langu, msinitafutie visingizio. Mama yangu amejaribu kunitetea, nikamwambia anyamaze. Nilimharibia mwanamke ndoa kwa neno moja, tena nikiwa nimevaa koti jeupe!

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali moja hapa Mpanda. Chuoni tulifundishwa magoti, migongo na watu waliopooza. Habari za wanawake wanaovujwa na mkojo baada ya kujifungua mwalimu alizipita mbio, kwa aibu. Nikazifuata mwenyewe. Nilinunua kitabu kilichochakaa pale Tabora nikingoja treni, nikakisoma mpaka nikakijua chote. Kilieleza namna ya kubana na kuachia misuli inayozuia mkojo mpaka ipate nguvu.

Wenzangu walinicheka. "Bingwa wa mkojo kafika!" ndiyo ilikuwa salamu ya sista mmoja wa wodi ya wazazi kila asubuhi. Nikawadharau wote, wavivu wa kusoma wale. Matroni peke yake alinielewa, akaahidi kupendekeza jina langu nikasomee zaidi mambo hayo. Jamani, nilijiona nimefika!

Ndipo akaletwa Kabula. Si jina lake. Aliolewa na Msukuma mfugaji upande wa Kasansa. Binti mdogo tu, uchungu ulimshika nyumbani muda mrefu, mtoto akafa, na tangu hapo mkojo ukawa unamtoka bila kukoma, amekaa, amelala, anatembea.

Bila kukoma! Mtu mwenye akili angeuliza zaidi. Mimi nilisikia harufu tu.

Nikasogeza kiti changu dirishani. Ndiyo, mimi niliyejiita mtetezi wa wanawake. Sikumpima. Sikumgusa. Nilimweleza mazoezi kwa mbali, nikamwambia aende akayafanye, arudi.

Alirudi, kitenge kimelowa vilevile. Nikamfokea.

"Nyie mnapenda vidonge tu! Kazi ya kujisaidia wenyewe hamtaki."

"Nafanya, dada."

"Ungekuwa unafanya ungekauka."

Niliona kitabu hakiwezi kukosea, na mimi siwezi kukosea. Basi mwongo ni yeye.

Mumewe alikuwa anangoja mlangoni na fimbo yake. Akavua kofia.

"Dada daktari, tumetoka mbali. Niambie kweli. Huyu atapona?"

"Akitaka," nikasema, nikampita nikaenda zangu.

Neno hilo tu. Nilikuwa na hasira kwamba mgonjwa ananiharibia sifa, wala sikumtazama usoni yule bwana. Mtu aliyempandisha mkewe kwenye lori, akakaa naye juu ya magunia ya mpunga huku abiria wengine wakiziba pua! Alishavumilia maneno ya mama yake na ya majirani. Alichohitaji ni mtu aliyesoma amwambie kwamba huu ni ugonjwa. Mimi nikamwambia ni ukaidi.

Akamrudisha kwa baba yake na kudai ng'ombe wake wa mahari. Habari ikaenea kule kote: hata hospitali wamesema hataki kupona.

Baadaye alipofika daktari mgeni wa upasuaji, baba yake akamleta tena. Daktari alimpima, na haikumchukua muda.

"Huyu ana tundu kwenye kibofu," akatuambia. "Mazoezi yanaziba tundu? Nani alimwona mwanzoni?"

Sista wa wodi ya wazazi akatazama sakafu. Afadhali angenicheka!

Matroni aliniita ofisini.

"Ulimwangalia?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

Nikasema harufu. Alinitazama kama kitu alichokikanyaga njiani. Jina langu halikupendekezwa, na hiyo ni haki. Mtu wa namna yangu akasomee nini zaidi? Ujuzi wa kukaa dirishani?

Kabula alipelekwa Mwanza, akashonwa, akakauka. Lakini mumewe alishaoa mwingine, na ng'ombe walisharudishwa.

Nilimkuta katika soko la Makanyagio, hapa hapa Mpanda, akiuza mchele na shangazi yake. Nilitaka kupita haraka, woga umenijaa, akawahi kuniona. Akaniamkia, akakunja goti kidogo, utadhani bado nastahili. Nikaanza kulia pale pale sokoni na kumwomba msamaha. Yeye alimaliza kwanza kumpimia mteja mchele wake.

"Nilikuwa nafanya, dada," akasema taratibu. "Hata nikitwanga nilikuwa nabana. Nilidhani labda sibani vizuri."

Mungu wangu! Miezi yote ile, nyumbani kwa baba yake, ananuka, anasemwa, na bado anabana kwa sababu mimi nilisema. Alinisamehe? Hakusema. Akaniuliza kama nataka mchele.

Nyie mnaojisomea usiku na mchana mkajiona mabingwa, nawadharau kama ninavyojidharau mimi. Kujua kitabu si kumjua mgonjwa. Ukishindwa kuvumilia harufu yake, toka nje, uwaambie wenzako kwamba hukumpima. Hiyo ni aibu yako, itakwisha jioni. Lakini usifungue mdomo kumsema. Nje ya mlango yupo mtu amevua kofia, anangoja neno lako, na hilo ndilo atakalorudi nalo nyumbani.