Kiambatisho Hakihusiki

Bosi wangu wa kwanza alikuwa afisa ardhi mwenye mvi, aliyesoma China ujanani na kurudi na mapenzi kwa mshairi mmoja wa kale wa huko. Mshairi huyo naye alikuwa mtumishi wa serikali. Alisema kweli kuhusu shida za watu, wakubwa wakaudhika, akahamishiwa mbali. Kwa maelezo ya bosi, aliamini kazi ya shairi ni kumfikishia mtawala kilio cha wanyonge, na kama bibi asiyejua kusoma halielewi, kosa ni la mwandishi.

Bosi naye aliandika mashairi. Mie, karani wake, nilimchapia.

Mwaka mmoja tulitumwa Kiwalani kupaka alama za X nyekundu kwenye nyumba zilizotakiwa kupisha mtaro. Bibi mmoja mjane, mtu wa Lindi, alitutolea viti kabla hajajua tumefuata nini. Bosi akampa shikamoo, kisha akapaka ukuta wake. Wiki nzima ofisini alikuwa akiandika na kukata. Mwishowe akaniletea shairi nilichape. Lilihusu ukuta ule.

Jumamosi akaniomba nimsindikize akamsomee bibi. Tulimkuta barazani akipepeta mchele. Akaweka ungo chini, akasikiliza. Kila alipouliza maana ya neno, bosi alilikata kwa kalamu na kuandika jingine jepesi. Alipomaliza akamuuliza kama ameelewa.

"Nimeelewa yote, baba. Huyo ni mimi," bibi alisema. "Umeshampelekea mkubwa wako?"

Bosi akajibu bado.

"Basi mpelekee yeye. Mie hayo nayajua."

Nilimsihi asifanye hivyo, lakini alilibana shairi nyuma ya ripoti ya kazi ile iliyokwenda kwa mkubwa wake. Nilihofia kibarua chake. Baada ya siku kadhaa ripoti ilirudi imesainiwa. Juu ya shairi mtu alikuwa ameandika: kiambatisho hakihusiki. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemwonya.

"Yule wa China walau walimwogopa," aliniambia.

Nyumba ilivunjwa mwezi uliofuata, nami nilikuwepo, nikiweka alama ya vema kwenye orodha. Bibi alichukuliwa na ndugu zake wakarudi naye Lindi. Hatukusikia habari zake tena.

Bosi alistaafu, sasa anaishi Boko. Nilimtembelea mwaka jana. Macho yamepungua nguvu kwa kisukari, akaniomba nimsomee gazeti. Nilisoma kurasa za michezo mpaka akasinzia kitini.