Kumi wa Kumzika Baba Mdogo

Siku gavana alipotangaza ni biashara zipi muhimu na zipi si muhimu, nilifurahi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Watu walikuwa wanakufa kwa korona, na mimi nilijilaza kitandani kwangu Springfield, Marekani, nikiisoma orodha ile kwenye simu kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Duka la pombe, muhimu. Kinyozi, si muhimu. Duka la misumari na mbao, muhimu. Mikusanyiko isizidi watu kumi. Niliidharau, bila shaka. Nilimwambia kila aliyenipigia kwamba imeandikwa na watu wasiojua kupanga. Lakini ilikuwa dharau ya fundi kwa fundi mwenzake. Niliamini kwamba mimi ningeipanga vizuri zaidi.

Wakati huo sikuwa na kazi. Kabla yake nilikuwa napokea wagonjwa kwa daktari wa meno, na orodha ileile ilisema usafishaji wa meno unaweza kusubiri. Chuo sikumaliza. Kila ninachokijua kuhusu kompyuta nilijifundisha mwenyewe kwa video, na mtu aliyejifundisha mwenyewe huwa na ugonjwa mmoja: anaogopa kila siku kwamba atagunduliwa. Basi nikaitafsiri orodha nzima kwa Kiswahili, siku tatu, nikabadilisha neno "muhimu" mara sita na kulirudisha, kisha nikaiweka kwenye kundi la simu la jumuiya yetu ya Watanzania. Watu arobaini walijibu "Amina." Kwa orodha ya maduka! Sikuamini. Mmoja aliweka picha ya mishumaa.

Mwezi uliofuata baba mdogo alifariki, mume wa mama yangu mdogo, aliyenilea tangu nilipofika Marekani nikiwa na miaka minane. Moyo ulisimama akiwa jikoni anachemsha chai. Haukuwa ugonjwa ule, lakini sheria haikujali kilichomuua mtu. Makaburini, watu kumi.

Mwenyekiti wa jumuiya alinipigia. Huyu ni mtu ambaye hata kwenye mkutano wa video, akiwa amevaa koti juu na bukta chini, huanza kwa kusema itifaki imezingatiwa. "Binti, pole sana," alisema. "Nitumie namba za simu za ndugu. Namba tu, mengine tutazungumza."

Alitaka namba tu. Mimi nikamtengenezea jedwali. Kila mtu nilimpa alama: undugu, cheo, umri, umbali anaotoka, na hatari ya kuambukiza. Nililipaka rangi. Waliopita walikuwa kijani, waliokatwa walikuwa kijivu, maana nyekundu niliiona ya kikatili. Waliopita ni mama mdogo na watoto wake wawili, mdogo wa marehemu anayekaa mji wa Columbia pamoja na mkewe, padre, mwenyekiti, katibu wake, mtu wa kamera wa kuwarushia mazishi waliobaki nyumbani, na mimi. Nafasi yangu niliiandika "mratibu wa ratiba." Nilijipa alama nzuri sana za cheo, ingawa cheo chenyewe nilikibuni asubuhi ileile. Mwenyekiti alijibu kwa alama ya dole gumba. Nadhani hata hakulifungua.

Mama mdogo nilimsomea majina kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mtani?"

"Mtani gani, mama?"

"Mpagazi. Kuna mwingine?"

Mpagazi alikuwa mzee wa Kinyamwezi anayeuza kwenye duka la pombe kule Bladensburg. Baba mdogo alikuwa Mngoni wa Songea, na Wangoni na Wanyamwezi ni watani, hilo nililijua. Kwa miaka yote niliyoishi nyumbani kwao, mzee yule aliingia bila kubisha hodi, akafungua friji, akamwita baba mdogo mkimbizi, akaitwa mpagazi, maana Wanyamwezi wa zamani walibeba mizigo ya misafara, wakacheka mpaka chai ikapoa. Mimi nilimwona mtu mwenye kelele. Kwenye jedwali, undugu alipata sifuri, cheo sifuri, na hatari alama za juu kabisa kwa kuwa alikutana na wateja kutwa. Jimbo lilimwona muhimu. Mimi nilimpaka kijivu.

"Mama, nafasi ni kumi. Na yeye si ndugu."

"Nani kakwambia si ndugu?"

"Ni sheria, mama. Na ile kazi yake ni ya hatari."

Aliuliza, kwa sauti ndogo, "Sasa nani atanichokoza?"

Nilidhani ni huzuni inamchanganya. Sasa najua alikuwa anauliza swali la kawaida kabisa. Kwao, mfiwa haachwi akae peke yake kama jiwe. Mtani huja kumtania, kumkera, kulizuia jeneza, mpaka mfiwa acheke au akasirike au alie, chochote, mradi atoke pale alipokwama. Na mama mdogo alikuwa amekwama. Tangu siku ile ya chai hakuwa ametoa chozi. Alikuwa anafua mashuka yaleyale kila siku. Mimi niliona mashuka yale, nikaandika kwenye ratiba: "Familia inaendelea vizuri."

Siku ya mazishi tulisimama getini na mfanyakazi wa makaburi, mzee wa Kimarekani mwenye barakoa ya bluu, akatuhesabu kwa kifaa cha kubonyeza. Kumi. Nilijisikia kama mwanafunzi aliyefaulu. Ratiba nilikuwa nayo mkononi, nimeipitishia plastiki isilowe mvua. Mwenyekiti alikuwa na tai ya njano na hotuba ya kurasa nne.

Ndipo gari bovu likafunga breki nyuma yetu, akashuka mpagazi na aproni ya dukani bado kiunoni. Alitoa mfukoni barua ya mwajiri wake, ile waliyopewa ili polisi wasiwasumbue njiani, akamwonyesha mzee wa geti. Ilisema kwamba mwenye barua hii ni mfanyakazi muhimu. Mzee wa geti aliisoma yote kwa heshima, akamrudishia, akatikisa kichwa.

Mpagazi hakubishana naye. Alishika nondo za geti, akapaza sauti kuelekea kwenye jeneza.

"We Mngoni! Umekimbia tena! Uliwakimbia Wazulu mpaka Songea, ukaikimbia Songea mpaka huku, leo umesikia nakuja umejificha sandukuni!"

"Mzee, tuheshimu msiba," alisema mwenyekiti.

"Wewe nani? Umekuja kuzika au kuoa, na tai hiyo?"

Katibu alikohoa ndani ya barakoa. Mama mdogo akainua kichwa.

"Nyamaza, mpagazi! Nani kakuita?" Sauti ile sikuwa nimeisikia kwa siku nane.

"Mzigo wangu ndio ulioniita. Wabebaji wenyewe ndio hawa? Huyu wa tai atavunjika mgongo!"

"Mume wangu habebwi na mtu anayenuka bia!"

"Ataniambia mwenyewe akikataa!"

Mzee wa geti alisema ni kumi tu, na kama huyu anaingia, mmoja atoke. Tulitazamana. Mwenyekiti alieleza kwamba yeye kama kiongozi hawezi kuiacha familia bila mwakilishi wa jumuiya. Katibu alitazama viatu vya mwenyekiti. Mtu wa kamera alijifanya anarekebisha kamera. Nami, niliyeandika orodha ile kwa mkono wangu, niliinamia ratiba yangu ya plastiki na kuisoma kama vile nilikuwa siijui.

"Wewe," alisema mama mdogo. Nilijua ananiambia mimi.

"Mama, mimi ndiye mwenye ratiba."

"Mpe padre. Nenda kakae kwenye gari."

Nikaenda. Kupitia kioo nilimwona mpagazi akishika kichwa cha jeneza na kumsukuma mwenyekiti kwa nyonga. Kaburini alijilaza juu ya lundo la udongo na kukataa kuamka, aproni na yote, na mama mdogo akampiga kwa mkoba mara mbili, tatu, huku anacheka, halafu kicheko kikageuka. Alilia kwa mdomo wazi. Mpagazi aliamka akamkumbatia, hakuna aliyepima zile futi sita za kukaa mbalimbali. Na mimi, ndani ya gari, nitasema ukweli, nilikuwa nimetazama saa. Walikuwa wamechelewa dakika ishirini.

Tulipokuwa tunarudi, mama mdogo alikaa mbele, pembeni yangu. Macho yamevimba, viatu vimejaa udongo. "Kanitukana mpaka nimepumua," alisema. Kisha, baada ya taa mbili za barabarani: "Hivi nani alimkata? Usiniambie sheria. Sheria haimjui."

Ningeweza kusema. Tulikuwa wawili tu.

"Mwenyekiti," nikasema.

"Nilijua," akasema. "Yule mtu hana utu."

Kwenye arobaini mwenyekiti alikuja na mfuko wa mchele. Mama mdogo aliupokea mlangoni na kumwacha pale kibarazani peke yake, akaingia ndani kwa mpagazi. Mimi nilimpelekea mwenyekiti chai. Alishusha barakoa, akanywa, akanishukuru kwa lile jedwali. Alisema liliwapunguzia viongozi kazi kubwa sana. Nikamwambia asante, na nikamwuliza kama anaongeza sukari.