Mzee Aliyekalia Kiti Changu

Cheka ukitaka, lakini mimi nilikuwepo, na kiti chenyewe bado kipo ofisini.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yakiuzwa. La kwetu, pale Ihumwa karibu na reli, lilishapata mnunuzi, na waliotunza kompyuta kuu walipunguzwa wote. Nikachukuliwa mimi, kwa majaribio. Neno la siri la msimamizi mkuu lilijulikana ofisi nzima; watu walilitaja koridoni kama jina la mtoto wa jirani. Wenye mali wapya hawakutaka hivyo. Nilitakiwa niweke sudo, programu inayompa kila mtu mamlaka ya kazi yake tu, kwa jina lake na neno lake mwenyewe. Wangekuja Jumatatu kuipokea. Nikishindwa, narudi Makutupora kukata zabibu.

Jumamosi alasiri upepo ulikuwa ukipiga vumbi madirishani. Nilikuwa peke yangu, nimeingia kama msimamizi mkuu, naandika majina ya wanaoruhusiwa. Nikasikia hodi. Mlangoni alisimama mzee wa kofia na koti la kaki.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Wewe ndiye mwenye nyumba siku hizi?”

“Nimeachiwa tu, mzee.”

“Haya. Na mgeni kwenu husimama?”

Niambie, wewe ungefanyaje? Niliinuka, nikampa kiti, nikatoka kumletea maji. Najua, fundi haondoki akaacha mamlaka yote wazi kwenye skrini. Lakini utamfungia mzee mashine mbele ya macho yake?

Niliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Nikakigusa. Kilikuwa na baridi ya saruji ya alfajiri.

Nikataka kuendelea na kazi. Mashine ikakataa: faili la majina linatumiwa na mtu mwingine, jaribu baadaye. Mtu gani? Jengo zima lilikuwa na kibodi moja iliyowashwa, na vidole vilivyokuwa juu yake ni vyangu.

Nikamkimbilia Yohana, mlinzi wa getini. Hakuona mtu akipita. Nilipomweleza lile koti, alitema ugoro.

“Huyo ni Mzee Shabani. Alikuwa na mashine hiyo mpaka walipompunguza. Mdogo wangu, tulimzika msimu wa zabibu uliopita. Jembe nilishika mimi.”

“Sasa anataka nini?”

“Kamuulize. Si wewe uliyemkaribisha?”

Faili lilipofunguka, juu ya jina langu palikuwa na jina la Shabani, ruhusa zote. Nikalifuta. Likarudi. Nikalifuta tena, na mashine ikanifungia nje.

Jumatatu wenye mali wapya wakasimama nyuma yangu. Neno langu likakataliwa. La msimamizi mkuu likakataliwa. Mmoja wao akaangalia saa. Niamini, nilishaanza kusikia harufu ya zabibu mikononi mwangu. Ndipo nikainuka, nikakigeukia kiti kitupu, nikasema polepole, “Shikamoo, mzee.”

Skrini ikafunguka.

Kazi niliipata. Lakini tangu siku ile naifanya nimesimama, na wenzangu wanadhani ni mgongo. Jina lake sijathubutu kuligusa tena. Jioni nyingine mashine huniambia faili linatumiwa, nami hutoka nikasubiri koridoni mpaka amalize.

Nawe unayetunza mashine za watu, nisikilize. Akibisha mzee usiyemjua, mwamkie ukiwa umekaa. Mwache aondoke akisema huna adabu.